SOMO: Vyombo vya Sauti Vilivyoharibika – Tutengeneze, Tuuze au Tutupe?

Katika stoo za vikundi vingi kuna pembe moja ambayo hakuna mtu anayeigusa. Ukiangalia utakuta amplifaya iliyoungua, spika zilizopasuka karatasi, redio kaseti isiyozungusha kanda, maiki bila waya, na chini kabisa betri ya gari iliyokufa zamani. Vyombo hivi vilinunuliwa kwa michango ya wanachama. Kila mkutano mkuu mmoja husema, "Tuviuze tu." Mwingine husema, "Ngojeni kwanza, kuna fundi namjua." Basi mwaka unapita, kutu inazidi, na siku moja mtu anaviuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu bila kuuliza mtu. Hapo ndipo ugomvi huanza.

Somo hili tumelipanga kwa kufuata hali ya Makadara, kisiwani Mombasa, karibu na Mji wa Kale. Huko vyombo vya sauti vina kazi nyingi: harusi, matanga, mikutano ya hadhara, michezo ya watoto wa shule. Lakini hata ninyi mlio Kwale, Kilifi au Taita mtaona ni mambo yenu hayahaya, kwa sababu vyombo vyenu vingi vilinunuliwa mjini, na vikiharibika hurudishwa mjini kwa mafundi.

LENGO LA SOMO
Mwisho wa somo, kikundi kiweze kuamua juu ya kila chombo kibovu, kwa utaratibu unaoeleweka na kila mwanachama, bila kupoteza kitu cha thamani na bila kumdhuru mtu.

MUDA: Saa moja na nusu.
MAHITAJI: Daftari ya mali ya kikundi, kalamu, vipande vya karatasi, na vyombo vyenyewe. Vileteni vyote mbele ya watu. Ni vigumu kuamua juu ya kitu msichokiona.

1. CHOMBO KIMOJA, MAMBO MANNE

Tukisema "redio mbovu" tunadhani ni kitu kimoja. Kumbe ndani yake mna mambo manne:

(a) SAUTI – yaani kile kilichorekodiwa katika kanda ambazo chombo hicho hucheza.
(b) KIFAA – chombo chenyewe, ambacho huenda kikafanya kazi tena.
(c) VIPURI – spika, transfoma, sumaku, swichi, nyaya za shaba.
(d) SUMU – risasi, asidi ya betri, na plastiki ambayo ikichomwa hutoa moshi mbaya.

Shikeni utaratibu huu: sauti kwanza, kifaa pili, vipuri tatu, sumu mwisho lakini msiisahau. Kwa nini sauti iwe ya kwanza? Kwa sababu kifaa kinaweza kununuliwa kingine, lakini sauti ya mtu aliyefariki hainunuliwi. Tena kanda bila chombo cha kuichezea ni kama barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeijua. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: MSIUZE REDIO KASETI YENU YA MWISHO KABLA HAMJAZINAKILI KANDA ZENU.

2. OKOENI SAUTI

Kaseti ndogo tunayoijua ililetwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ilipofika pwani yetu ilibadilisha mambo mengi. Zamani kurekodi kulihitaji studio na santuri. Bi Siti binti Saad wa Unguja alilazimika kusafiri hadi Bombay, India, mwaka 1928 ili sauti yake iingizwe kwenye santuri. Lakini kwa kaseti, mtu yeyote mwenye redio aliweza kurekodi harusini, na kesho yake jirani akanakili, na jirani wa jirani naye akanakili. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, duka la Mbwana Radio Service lilijulikana sana kwa kanda za taarabu. Waimbaji kama Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, walisikika majumbani kwa njia ya kanda hizo.

Kanda za duka huenda zikapatikana kwa mtu mwingine. Lakini ile kanda ya harusi ya shangazi yako, au hotuba ya mzee aliyeanzisha kikundi, au hadithi za bibi zilizorekodiwa jioni moja, huenda ikawa iko moja tu duniani. Na hewa ya Mombasa haina huruma. Kuna joto, unyevu na chumvi ya bahari. Ukungu mweupe huota juu ya kanda, hasa wakati wa masika.

Fanyeni hivi:

• Kusanyeni kanda zote. Andikeni kila moja: ni ya nini, ya mwaka gani, nani anasikika. Waulizeni wazee sasa, kwa kuwa wao ndio wanaozitambua sauti.

• Vunjeni vile vijino viwili vya plastiki vilivyo upande wa nyuma wa kaseti. Vikishavunjwa, redio haiwezi tena kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

• Kanda yenye ukungu msiicheze. Iwekeni peke yake mahali pakavu penye hewa, mpelekeeni mtu anayejua kazi hiyo. Ukiicheza utachafua chombo, na chombo kitachafua kanda nyingine.

• Msiweke kanda juu ya spika. Sumaku ya spika inaweza kuharibu sauti.

• Kabla ya kucheza kanda ya thamani, jaribuni redio kwa kanda isiyo na maana. Ikiitafuna, heri itafune hiyo.

• Safisheni hedi ya redio kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, redio ikiwa imezimwa na waya umetolewa ukutani. Ngojeni ikauke.

• Unganisheni waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kwenye kompyuta, na kunakili. Kijana wa saiba anaweza kusaidia. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60, haina njia ya mkato. Kwa MP3 ya kawaida itachukua kama megabaiti 60. Kama hamna kompyuta, wekeni simu karibu na spika katika chumba kilicho kimya. Haitakuwa safi, lakini ni afadhali kuliko kupoteza.

• Nakala ziwe mahali patatu tofauti, kwa mfano kompyuta ya katibu, simu ya mweka hazina, na kadi ya memori kabatini.

Tahadhari mbili. Kwanza, nyimbo za wasanii zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hairuhusu mtu kunakili kazi ya msanii na kuiuza bila ruhusa. Pili, sauti ya mtu ni siri yake. Kabla ya kusambaza kanda ya familia, ombeni ruhusa kwa jamaa.

3. KIFAA: JE, KINATENGENEZEKA?

Makosa mengi ya redio kaseti na amplifaya ni madogo. Haya ndiyo ya kawaida:

– Kanda haizunguki, au sauti inavuta. Mara nyingi ni belti ya mpira iliyolegea au kuyeyuka. Ni kipuri cha bei rahisi.
– Sauti ni hafifu, kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Hedi ni chafu.
– Ukizungusha swichi ya sauti inakwaruza. Kuna vumbi au kutu ndani.
– Chombo hakiwaki kabisa. Angalieni kwanza plagi, waya na fyuzi.
– Spika inakoroma. Karatasi imepasuka au koili imeungua.
– Sehemu za betri kavu zina unga wa kijani au mweupe. Betri zimevuja. Chombo kinachokaa stoo kisiachwe na betri ndani.

Kufungua amplifaya ya umeme ni kazi ya fundi. Umeme wetu ni wa volti 240, na hata ukichomoa waya, zile kapasita kubwa ndani huweza kubaki na umeme wa kumtupa mtu. Kijana anayejifunza ajifunze akiwa na fundi, si peke yake stoo.

Mkienda kwa fundi, muulizeni mambo haya kabla hajaanza kazi: Kukagua ni pesa ngapi? Kipuri kipo au kinatafutwa? Kazi itakwisha lini? Ikiharibika tena baada ya wiki mbili itakuwaje? Mwambieni arudishe kipuri cha zamani mkione. Yote yaandikwe kwenye karatasi, na waende watu wawili. Si kwamba mafundi si waaminifu, la. Ni kwamba mali ya kikundi ni ya wengi, na maneno matupu husahaulika.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Tuseme kutengeneza amplifaya ni shilingi 3,500. Mkiikodisha mnapata shilingi 1,500, lakini mkitoa nauli ya mkokoteni na posho ya mtu wa kuiendesha, mnabaki na 700. Gawanyeni 3,500 kwa 700 mtapata 5. Basi lazima ikodishwe mara tano ndipo pesa zenu zirudi. Angalieni daftari: mwaka jana ilikodishwa mara ngapi? Kama ni mara kumi, tengenezeni. Kama ni mara mbili, itachukua zaidi ya miaka miwili, na huenda itaharibika tena kabla ya hapo. Tieni bei za kwenu katika hesabu hii.

Redio ndogo ina hesabu nyingine. Redio inayoshika FM bado ina kazi, kwa kuwa stesheni za pwani zinasikika humo. Inaweza kumfaa mzee wa kikundi au shule ya chekechea hata kama sehemu ya kaseti imekufa. Mwandikieni juu yake, "Kaseti haifanyi kazi," asidanganyike mtu.

4. VIPURI NA KUUZA

Chombo kisichotengenezeka bado kina mali ndani. Fundi wa redio hununua transfoma nzima, spika nzima, swichi na visu vya kuzungushia. Mara nyingi bei ya vipuri kwa fundi ni nzuri kuliko bei ya kilo kwa mnunuzi wa chakavu. Kwa hiyo anzeni kwa fundi.

Mkiuza chakavu, muuzieni mwenye leseni, na mdai risiti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inataka wafanyabiashara hao wawe na leseni. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya chakavu kwa muda, baada ya mali ya umeme na reli kuibwa sehemu nyingi. Kikundi chenye risiti hakina la kuogopa mtu akiuliza shaba hii imetoka wapi.

Pesa ziingie katika daftari siku hiyohiyo. Chombo kifutwe katika orodha ya mali, na muhtasari uonyeshe nani aliamua.

5. SUMU: MSICHOME WALA KUZIKA

Hapa tunawaomba msikilize sana. Vijana wengi huchoma nyaya ili plastiki iishe wapate shaba. Moshi ule una sumu ambayo hudhuru mapafu, na sumu nyingine huanguka majivuni na kubaki udongoni. Watoto huchezea pale, kuku hudonoa pale. Nyaya zichunwe kwa kisu, au ziuzwe na plastiki yake.

Zile bodi za ndani zimeunganishwa kwa madini yaliyoyeyushwa. Katika vyombo vya zamani madini hayo huwa na risasi ndani yake. Na ile betri ya gari mliyokuwa mkiendeshea amplifaya mahali pasipo umeme imejaa risasi na asidi.

Mombasa imeshaona risasi inavyofanya. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilianza mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Moshi na maji yake yaliingia kijijini. Watu waliugua, watoto wakapimwa na kukutwa na risasi katika damu. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza wakaaji kudai haki, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 ilirudisha uamuzi huo wa malipo. Lakini pesa haziondoi risasi mwilini mwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Betri moja ya kikundi si kiwanda, ni kweli. Lakini msiipasue, msimwage maji yake, msiyeyushe risasi yake kutengenezea vitu vya kuvulia samaki. Irudisheni nzima kwa muuza betri. Wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya.

Bodi na mabaki mengine yatieni katika gunia kavu, yasinyeshewe, mbali na jikoni na watoto. Gunia likijaa, ulizeni ofisi ya NEMA au ya kaunti ni mkusanyaji gani ana leseni ya taka za umeme. Kazi hiyo ipo nchini, kwa mfano WEEE Centre kule Nairobi. Vikundi vitatu au vinne vikiungana kupeleka mzigo mmoja, nauli itakuwa nyepesi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka tangu nyumbani. Duniani kote, mwaka 2022 zilitupwa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndizo zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa vizuri. Hiyo nyingine iko katika stoo, majalala na mioto ya uani.

6. IGIZO FUPI

Watu wanne wajitolee. Someni kwa sauti.

KIJANA: Mwenyekiti, mnunuzi wa chakavu yuko mlangoni na mzani wake. Tumpe hii redio kubwa, tumalize.
MWENYEKITI: Haya, toa. Inakula nafasi tu.
BIBI: Hebu ngoja, mwanangu. Hiyo si ndiyo tuliyorekodia mkutano wa kwanza?
KIJANA: Shikamoo bibi. Mkutano wa mwaka gani huo?
BIBI: Marahaba. We ulikuwa hujazaliwa. Marehemu mzee alisema mbele ya watu kwamba kile kibanda cha mashine ametupa kikundi. Alisema kwa kinywa chake, na kanda ikizunguka.
MWENYEKITI: Kanda yenyewe iko wapi, mama?
BIBI: Kwangu, ndani ya mkebe wa biskuti. Lakini nitaichezea wapi mkishauza redio?
FUNDI: (akiikagua) Mama, hii belti tu. Ibadilishwe belti, isafishwe hedi.
KIJANA: Basi nimwambie yule bwana aende?
MWENYEKITI: Mwambie arudi wiki ijayo, na aje na leseni yake. Leo tuandike kwanza tuna nini.

Baada ya igizo ulizeni: Nani alikuwa na haki ya kuamua? Kingepotea nini? Je, bibi angesikilizwa kama asingekuwapo siku ile?

7. MASWALI YA KUJADILI

1. Ni vyombo gani vibovu kikundi chetu kinavyo? Kila kimoja kimekaa muda gani?
2. Kuna kanda gani ambazo wazee wetu wanazo nyumbani? Nani anaweza kutambua sauti zilizomo?
3. Katika mtaa wetu, nyaya huchomwa wapi, na akina nani wanakaa karibu?
4. Katiba yetu inasemaje juu ya kuuza mali ya kikundi? Kama haisemi, tuandike nini?

8. KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kateni vipande vya karatasi na kubandika kimoja juu ya kila chombo. Andikeni neno moja tu kati ya haya: TENGENEZA, GAWA, UZA VIPURI, au PELEKA KWA MWENYE LESENI. Chini yake andikeni jina la mwanachama atakayeshughulikia na tarehe ya mwisho. Kama hamkubaliani juu ya chombo kimoja, andikeni NGOJA, lakini na hiyo iwe na tarehe, isizidi miezi mitatu. Ngoja isiyo na tarehe ndiyo iliyojaza ile pembe ya stoo.

Halafu mpeni mtu mmoja kazi ya kanda. Awe ni kijana mwenye subira, akae na mzee mmoja, wasikilize pamoja na kuandika. Kijana atajifunza kunakili, na mzee atapata wa kumsimulia. Kanda ya kwanza ikishanakiliwa, ichezeni mkutanoni wote wasikie.